Siku Nne Mjini Ballymora

Mwalimu Nesta aliipanga safari yake ya Pasaka kama anavyopanga ratiba ya darasa. Serikali ilikuwa inampeleka Uingereza mwaka mzima kusomea ualimu wa wasichana. Meli ingeondoka Dar es Salaam mwezi wa Agosti, mwaka ule wa 1955, na Pasaka ilikuwa mbali bado. Hata hivyo, alikuwa ameshachora mistari kwenye karatasi: Alhamisi, kufika Ballymora kwa basi na kutafuta nyumba ya wageni. Ijumaa, kanisani. Jumamosi, ngome iliyobomoka asubuhi, soko mchana, daraja la matao saba jioni. Jumapili, kurudi London.

Picha za ngome na daraja alizipata katika kijitabu cha wageni cha mji huo mdogo wa Ireland. Kilikuwa cha Sista Nora, muuguzi wa zahanati ya misheni hapo Hasamba, aliyefariki miaka miwili nyuma. Vitu vyake vyote vilifungwa sandukuni vikarudishwa kwa mama yake. Kijitabu hakikurudi. Nesta alikuwa amekiazima, na wakati wa kufunga sanduku alinyamaza.

Enoka, mumewe, aliisoma karatasi huku akitafuna hindi la kuchoma.

"Mama Ipyana, mbona sioni nyumba ya mama yake Sista?"

"Ni mzee. Sitaki kumsumbua."

"Mtu unavuka bahari, unafika nyumbani kwa marehemu, unakwenda kuhesabu matao ya daraja?" Enoka alicheka mpaka punje zikamtoka mdomoni. "Ukirudi utuambie kama yamezidi saba."

Nesta alimnyang'anya karatasi. Hakucheka.

Kesho yake mchana alikuja Tusekile, mama wa makamo kutoka milima ya Ileje, aliyekuwa akifua mashuka ya zahanati tangu ilipofunguliwa. Alikataa kiti, akakaa mkekani na kunyoosha miguu.

"Nimetumwa, mwalimu. Wamama wamekubaliana. Jumapili baada ya ibada watakukabidhi unga wa ulezi, umpelekee mama yake Sista. Wewe ndiye miguu yetu."

 Nesta aliujua wajibu huo tangu utotoni. Mgeni akifia kwenu, mtu wa kwenu huenda mpaka kwao, huketi chini, hueleza ugonjwa ulianzaje, marehemu alikula nini mwisho, alisema nini mwisho. Bila hivyo watu wa kwao watamlia mtu wasiyejua alikufaje. Kwa Sista Nora hakuna aliyekwenda. Bahari ilikuwa kubwa mno. Padri aliandika barua tu.

"Unga utaingia wadudu njiani, mama," Nesta alisema. "Meli inakwenda wiki tatu, na Pasaka ni mwakani."

"Tutaukaanga ulezi kabla ya kusaga. Nini kingine?"

"Sitafika kwa mama yake. Napita tu mjini pale. Nitalala nyumba ya wageni."

Tusekile aliguna.

"Utapita mji wa Wazungu watupu, wewe mweusi kama sufuria yangu, siku nne, na huyo mama asisikie? Hata kuku wake watamwambia."

Kwa mwanamke mwenye cheti cha chuo cha ualimu, hilo lilikuwa kosa la kijinga, na Nesta alilijua mara tu aliposikia. Alikuwa amepanga mabasi, koti la mvua na viatu vya kubadili, akasahau ngozi yake. Aliona haya, lakini haya hiyo ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa inakuja.

"Unaogopa atakuuliza," Tusekile alisema.

"Ataniuliza nini?"

"Wewe Nesta. Usinifanye mtoto."

Nesta aliinuka akafunga mlango, watoto wasisikie.

Sista Nora alikufa kwa homa ya mkojo mweusi. Daktari alikuwa ameitwa kutoka Mbeya, na Nesta aliombwa akae na mgonjwa siku ile kwa sababu ndiye mwanamke pekee pale Hasamba aliyejua Kiingereza vizuri. Alikaa asubuhi nzima. Saa nane alisikia kwamba lori la vitambaa limefika Mlowo. Alichukua baiskeli. Aliporudi jua linazama, na kitambaa cha gauni kimefungwa nyuma ya baiskeli, Tusekile alikuwa ameshamfumba Sista macho.

Hilo peke yake lingesameheka. Lakini siku ya maziko, aliyemuuguza marehemu ndiye husimama kaburini na kueleza. Umati wote ulimtazama Nesta. Naye alisimama, akaeleza ugonjwa, akafika kwenye maneno ya mwisho, na hakuwa nayo. Akayatunga.

"Alisema, 'Nimefika nyumbani. Niacheni kwa watu wangu.'"

Watu walilia kwa sauti. Padri aliyaandika kwenye barua kwa mama yake. Seremala aliyachonga kwenye ubao wa kaburi. Tusekile alikuwa amesimama hatua tano kutoka pale, na hakusema neno.

"Kwa nini ulininyamazia?" Nesta aliuliza sasa.

"Ningesema nini mbele ya kaburi? Kwamba mwalimu wa watoto wetu ni mwongo? Nilijua utakuja mwenyewe. Nimengoja miaka miwili. Hukuja hata kuniuliza alikufaje."

Nesta aliangalia mikono yake. Ni kweli. Kila walipokutana kisimani alikuwa amezungumzia mvua.

"Alisema nini?"

"Alisema kwa Kiswahili chake kile, 'Mwalimu yuko wapi? Alete kalamu.' Alitaka umwandikie mama yake. Nikamwambia unakuja.  Akauliza tena. Nikamwambia unakuja. Mara ya tatu hakukuulizia wewe, aliniuliza mimi kama najua kuandika." Tusekile alikunja miguu yake. "Nilimwambia sijui. Akanipapasa mkono, kama vile mimi ndiye mgonjwa. Basi. Hakuna nyumbani, hakuna watu wangu."

Nesta hakulia. Angelia, Tusekile angeondoka. Hakuja kutazama machozi. Alibaki ameketi, uso unawaka, akifikiri kwamba huko Ballymora kuna mwanamke mzee ambaye pengine huyasoma yale maneno ya uongo kila siku, akiamini kwamba mwanawe aliwachagua watu wa Hasamba akamsahau yeye.

Hilo hakuwahi kuliwaza. Aliona ametunga maneno mazuri. Hakuona kwamba kwa mama yalikuwa kofi.

"Siendi," alisema. "Nitakaa London Pasaka yote."

"Utakwenda. Utakaa chini, utamwambia kwamba alikufa akitaka kumwandikia yeye. Hayo ndiyo maneno yake. Unamnyima ya nini, ili wewe usionekane vibaya?"

"Na wamama?"

"Hao utawaambia Jumapili, kabla hawajakupa unga. Mimi siwaambii."

Jumapili Nesta alisimama nje ya kanisa, wanawake wapatao ishirini wameketi kwenye nyasi. Alisema alikokwenda, alichonunua, alichokitunga, na jinsi Sista alivyoitisha kalamu amwandikie mama yake. Alisema haraka, kama mtu anayetoa mwiba. Alipomaliza, alisikia mbuzi wa padri akila majani nyuma ya ukuta. Priska, kiongozi wao, ambaye mtoto wake wa kwanza alizaliwa mikononi mwa Sista Nora, alikuwa ameshika mfuko wa unga mapajani na hakuuinua.

"Gauni lenyewe ni hilo ulilovaa siku ya Krismasi?" aliuliza.

"Ndilo."

"Nililisifia."

"Ulilisifia, dada."

Mwanamke mmoja alisonya. Wengine walitazama chini. Nesta alitamani wamtukane, yaishe; hakuna aliyemtukana.

"Mama yake anaitwa nani?" Priska aliuliza baadaye.

Wote waliinua nyuso. Kwa miaka miwili hakuna aliyekuwa ameuliza.

"Brigidi."

"Mwandikie Brigidi leo, ajue unakuja na kwa nini. Usingoje Pasaka, barua aliyoitaka Sista ulishaichelewesha." Priska aliusukuma mfuko mpaka miguuni pa Nesta. "Huu ni wake, si wako. Na usimwambie kwamba sisi tumekusamehe. Hatujafika huko."