Mgongo wa Mwanasesere

Gaudensia alikuwa na mdomo tangu utotoni. Kule kambini Tanzania, kila mama yake Kasilda alipolowanisha maganda makavu ya mgomba na kumwita aje ajifunze kufunga wanasesere, alijibu kwamba yeye anataka wa plastiki, mwenye nywele, kisha huyo, mbio mchezoni. Kasilda hakubishana naye. Sikio la kufa halisikii dawa.

Sasa wamerudi kwao Mwakiro, amani ipo, migomba imejaa nyuma ya nyumba, ila kumbukumbu za Kasilda zimeanza kumtoroka. Jina la mwanawe humpotea, lakini mwanasesere hajamsahau: humuulizia asubuhi, humuulizia jioni. Na Gaudensia, mtu mzima mwenye watoto wake, hajui hata fundo la kwanza linaanzia wapi. Aibu ilimla kimyakimya.

Akasikia kwamba Gitega, kwa Farida muuza vikapu, kuna mchoro wa zamani wa mwanasesere wa namna hiyo. Akafunga safari. Mchoro ulikuwa wa penseli, kwenye fremu yenye vumbi: kichwa cha mviringo, mikono mifupi, kiuno kilichokazwa. Ni wa kwao kabisa.

"Hii iko ya baba," Farida alisema. "Walichora kitambo, mbele ya vita. We piga foto, maman, lakini kuuza, non, siuzi."

"Na mgongo wake?"

"Mgongo hawakuchora. Nani anachora mgongo?"

Gaudensia alipiga picha ya mbele tu. Wanasesere wa mama yake walifungwa kwa nyuma. Ufundi wote ulikuwa huko, na mchoraji alikaa mbele.

Nyumbani alihangaika na maganda hadi vidole vikachubuka, mwishowe akaushona mgongo kwa uzi wa dukani. Kwa mbele mwanasesere alipendeza kweli. Akamweka mikononi mwa mama yake.

Kasilda hakuutazama uso. Alimgeuza papo hapo, akaupapasa mgongo, kisha akamrudisha kwa upole.

"Huyu kashonwa. Wa kwetu hashonwi, dada."

"Basi nifundishe, mama. Niko tayari."

Kasilda alimtazama kwa huruma, kama anayemnyima mgeni maji.

"Unisamehe, dada. Kazi hii namwekea binti yangu. Anapenda kucheza tu, lakini atakuja."

Akajisogeza ukingoni mwa mkeka, ili mtoto huyo akija apate pa kukaa.