Pete za Maji

Asubuhi ile Godefroid aliwasha mbabula, jiko lake la makaa, akateleka sufuria ya maji, na maji yalipotokota akatumbukiza sindano. Kisha akamwita binti yake. Chancelvie alikuja kimya, akapanda juu ya kigoda, akanyanyua gauni lake mwenyewe na kufumba macho. Alikuwa wa miaka mitano tu, lakini kazi hii aliizoea kama watoto wengine wanavyozoea kusukwa nywele.

“Papa, leo tena?”

“Leo kidogo tu, mama. Tunaenda kwa docteur mukubwa. Lazima uwe safi.”

Tumbo la mtoto na mapaja yake yalijaa malengelenge. Haukuwa upele wa joto, wala haikuwa tetekuwanga. Vilikuwa vifuko vya maji, vimeivuta ngozi na kung'aa, na ajabu yake ni namna vilivyojipanga: kidonda cha zamani katikati, malengelenge mapya yakikizunguka pande zote, kama ushanga. Kimoja kikikauka, pembeni yake duara lingine linazaliwa. Mtoto alikuwa anajikuna mpaka shuka inamganda.

Kila mtu alikuwa amelipatia jambo hilo jina. Kwenye dispensari ya kwanza waliliita upele, wakatoa pomade inayonuka kama kiberiti. Kwenye ya pili waliliita uchafu, tena wakamwambia usoni. Mchungaji wa pale kando aliliita uchawi wa jirani. Godefroid alisikiliza majina yote hayo, akayapeleka nyumbani, na hakuna hata moja lililompunguzia mtoto mwasho.

Sasa mjini kulikuwa na kitambaa kikubwa kimetundikwa barabarani, chenye picha ya mheshimiwa anacheka na meno yote, kinasema dokta wa ngozi anatoka Kinshasa kuangalia wagonjwa bure kwa siku mbili. Godefroid hasomi sana, lakini Adrien, infirmier, yaani muuguzi mkuu wa dispensari yao ya Katuba, alimsomea, tena akamwandikisha mtoto.

Aliyeleta neno la sindano alikuwa dada yake mkubwa, Germaine, aliyemwita yaya. Alifika alfajiri na gauni la njano la kanisani mkononi.

“Gode, pasula yote ile mapele ya mayi. Osha na chumvi, paka violeti, paka mafuta. Bakubwa bakimuona vile, batasema nini?”

“Batasema mutoto ni mugonjwa, yaya.”

“Batasema mutoto hana mama! Batasema baba yake anamuacha anaoza.”

Neno hilo lilimwingia Godefroid pale pasipo na ngozi. Mado, mke wake, alikufa juu ya meza ya operesheni, umeme umekatika na jenereta ya hospitali haina hata tone la mazuti. Mkurugenzi wa hospitali ile alikuwa na taa nyumbani kwake usiku kucha. Godefroid aliziona mwenyewe alipokuwa anatembea barabarani kama kichaa. Tangu siku hiyo hakutaka mtu yeyote mwenye cheo amtazame mtoto wake kwa jicho la huruma. Kwa hiyo akapasua. Lengelenge kwa lengelenge, anapuliza, anafuta. Akaosha kwa chumvi, mtoto akalia. Halafu akachukua chupa ya violeti, ile dawa ya zambarau ambayo kila nyumba inayo, akapaka tumbo lote na mapaja yote mpaka mtoto akawa kama biringanya. Mafuta juu. Gauni la njano juu ya mafuta.

“Njo hivi,” Germaine akasema. “Sasa iko mutoto ya bantu.”

Kwenye uwanja wa hospitali walikuta mahema na viti vya plastiki. Viti vya mbele vilikuwa na vitambaa vyeupe, havikaliwi na mgonjwa. Dokta alikuwa amekwisha kufika, wanamwona amekaa pembeni kwenye jukwaa, mwanamke mfupi mwenye miwani, mkoba wake magotini. Lakini hakuruhusiwa kugusa mtu. Lazima mheshimiwa afungue kwanza. Na mheshimiwa alikuwa bado njiani, na njia yake ilikuwa ndefu kuliko ya watu waliotoka Kambove kwa miguu na malori.

Jua likapanda. Nyuma ya Godefroid alikaa mama mmoja mnene anayeitwa Chola, muuza samaki wakavu wa Pweto, aliyekuja na mikono inayomenyuka. Alichungulia gauni la Chancelvie pale lilipopanda juu ya goti.

“Eh, papa! Huyu mutoto umemupaka rangi ya chama gani? Kampanye ilishaanza?”

“Chama cha bale banangoya zamu, mama.”

“Basi mi pia niko membre! Tena niko président!”

Watu wakacheka, na hata Chancelvie akacheka kidogo, akisahau kujikuna.

Mheshimiwa alifika jua limekaa utosini. Akasema sana. Akasema ngozi ya raia ndiyo ngozi ya taifa, watu wa mbele wakapiga makofi. Kisha mlango ulipofunguliwa, walioingia kwanza hawakuwa wa foleni. Walikuwa wake za wakubwa, wenye nyuso walizozichoma wenyewe kwa krimu za kujichubua, mashavu mekundu na vifundo vya vidole vyeusi. Waliingia mmoja mmoja, wakakaa ndani muda mrefu, wakatoka na karatasi za dawa. Foleni ilitazama. Chola akafyonza.

“Sie tunaumwa na Mungu,” akasema. “Bale banaumwa na kioo.”

Zamu ya Chancelvie ilifika jioni inakaribia. Dokta aliitwa Mwenya, na Godefroid alishangaa kusikia Kiswahili chake ni cha kwao kabisa. Alizaliwa Pweto, akasema, akaenda Kinshasa kwa masomo tu. Alinyanyua gauni la njano taratibu. Akavaa lenzi yake, akainama, akakaa ameinama.

“Papa, mapele ya mayi yenyewe iko wapi?”

“Njo hiyo, Docteur. Nilipasula yote leo asubuhi.”

“Yote?”

“Yote. Haikubakia hata moja.” Alisema hivyo kifua mbele, kama mtu aliyemaliza kazi vizuri.

Dokta alilowesha pamba, akafuta. Zambarau haikutoka. Akafuta tena. Akaweka pamba chini.

“Juu ya nini, papa?”

“Juu ya heshima yako, Docteur.”

Mwanamke yule hakumkaripia. Ingekuwa afadhali angemkaripia. Alivua miwani, akajifuta jasho la siku nzima, akauliza: yalikuwa namna gani kabla ya kupasuliwa? Godefroid alichora kwa kidole juu ya meza. Doa moja katikati. Halafu vidoa vinazunguka, vinazunguka, mpaka vinakutana.

Dokta akarudisha miwani usoni haraka.

“Kama pete?”

“Kama pete ya mayi, Docteur. Na ingine inazaliwa pembeni.”

“Kuko ugonjwa moja ya batoto, haionekane mara mingi, inapangaka vile. Kama ni yenyewe, kinini yake ya kumeza iko, ni ile banapesha bagonjwa ya ukoma. Si kusema mutoto iko na ukoma, hapana. Ni kinini tu moja. Mutoto anaweza kutulia kabisa.”

Godefroid alipiga magoti pale pale. “Basi mupe, Docteur. Mupe leo.”

“Simama, papa. Kinini ile, damu ya batoto bengine inaikatala. Ikikatala, tutamuzika. Lazima nione na macho, nikate kipande kidogo ya ngozi pembeni ya pele mupya, nipime na damu yake. Nikikata hapa kwenye ulipasula, kipande itanidanganya.”

“Nitafute mutu ya telefone akupigie foto ya ile itazaliwa?”

“Foto peke haitoshi. Kipande njo itasema.” Alimshika mtoto kidevu. “Kesho niko hapa mpaka saa sita. Usipasule. Usioshe na nguvu. Usipake kitu. Uniletee mutoto na uchafu yake yote. Umesikia?”

Alisikia. Alirudi Katuba na neno moja tu kichwani: pete. Alimlaza mtoto kwenye shuka safi, akamvalisha soksi zake mwenyewe mikononi asijikune. Mwaka mzima alikuwa amepigana na malengelenge yale, akiyalaani moja moja. Jioni ile alikaa kwenye ukingo wa kitanda akiyabembeleza yaje. Alimwomba hata Mado, pale alipo, ayasukume kidogo.

Nayo yakaja. Kulipopambazuka, chini ya kitovu, kando ya doa la zambarau lililoanza kufifia, kulikuwa na pete nzima. Malengelenge mapya, meupe kwa mwanga wa dirishani, yamekamatana bila kuacha nafasi. Godefroid alipiga kelele mpaka Germaine akaja mbio na mwiko wa uji mkononi.

“Amekufa?”

“Imekuya, yaya! Angalia, imekuya yote!”

“Gode, uko mwazimu? Unacheza ngoma juu ya mapele ya mutoto?”

Godefroid hakumwosha mtoto hata uso. Alimfunga kitenge kimoja laini cha Mado, hakukikaza, akambeba juu ya mabega ili tumbo lisiguse kitu. Pikipiki alizikataa kwa sababu ya mashimo. Alitembea Katuba yote mpaka mjini kama mtu aliyebeba mayai kichwani, na kila mtu akimkaribia alipiga kelele: “Pisha! Pisha!” Mtoto alikuwa anacheka huko juu, anamshika masikio.

“Papa, inakula.”

“Vumilia, mama. Usikune. Ni ya docteur.”

Jua lilikuwa bado halijachoma walipoingia uwanjani. Vijana walikuwa wanakunja mahema. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kimoja juu ya kingine, na vile vitambaa vyeupe vilikuwa chini, vina alama za viatu. Chola alikuwa amesimama katikati, mikono yake inayomenyuka imening'inia, hasemi mzaha wowote.

Adrien, infirmier wa dispensari, aliyeitwa kusaidia hapo, alitoka barazani alipowaona. Hakuja haraka.

“Papa Chancelvie…”

“Docteur iko wapi? Alisema mpaka saa sita.”

“Baliondoka. Délégation yote. Excellence, mheshimiwa wa jana, iko na réunion Kinshasa, bakavuta saa ya ndege mbele.”

“Ila docteur si Excellence.”

“Njo vile, papa. Ila tikiti yake iko mu mikono yabo. Alikatala, nilisikia na masikio yangu. Alisema iko na mutoto anamungoya. Bakamuambia ndege haingoyaka mutoto.”

Godefroid alimshusha Chancelvie polepole, akafungua kitenge. “Angalia,” akasema. Adrien akaangalia. Walinzi wakaja, wakaangalia. Vijana wa mahema wakaacha kukunja, wakaangalia. Pete ilikuwa pale, nzima, hakuna lengelenge lililopasuka njia yote. Kila mtu aliiona, na hakuna aliyejua kuisoma.

Adrien aliingiza mkono mfukoni mwa koti lake jeupe la kazi, akatoa kichupa kidogo cha kioo chenye maji meupe ndani, na mfuniko uliobanwa kwa plasta.

“Aliacha hii. Kipande ya ngozi inaingia umu ndani, banaituma Kinshasa. Alisema docteur yeyote anayejua kukata, akate.”

“Kata.”

“Mi sikufundishwa kukata, papa.”

“Docteur ya hapa, basi.”

“Docteur ya hapa anafikaka tu siku mukubwa anakuya. Jana alikuwa. Leo…” Adrien alionyesha uwanja kwa kidevu.

“Nitamungoya.”

“Ngoya.”

Wakakaa barazani, kivulini, Godefroid kichupa mkono mmoja na mikono miwili ya mtoto ndani ya mkono wake mwingine. Adrien alipiga simu huku na huku. Simu nyingine hazikupokelewa, nyingine zilipokelewa na watu waliosema watauliza. Namba ya dokta Mwenya ilikuwa kwa chef wa programme, mkuu wa safari ile, na chef wa programme alikuwa angani. Adrien alipiga picha ya pete kwa simu, akaiweka, maana hakujua pa kuituma. Chola alileta maji ya kunywa, akaketi nao.

Saa sita ilifika, ikapita kama saa nyingine yoyote.

Joto lilipozidi, mtoto alianza kujinyonganyonga. “Papa, inakula. Papa, niachilie.” Alimshika zaidi. Alimwimbia wimbo wa Mado, ule wa kusonga bukari, ugali wa kwao. Mtoto akalia sasa kilio cha kweli, anapiga miguu, anamwita mama yake ambaye hata hamkumbuki sura, na mkono mmoja ukaponyoka. Ulikuwa mkono mdogo sana, na ulikwenda moja kwa moja. Maji ya pete yalitiririka juu ya kitenge, na Chancelvie akavuta pumzi ndefu ya raha.

Godefroid alitazama kichupa, akatazama tumbo. Adrien aliingia ndani, akarudi na chupa ya violeti na kijiti chenye pamba, akasimama tu, hathubutu.

“Itaingia vidudu, papa.”

“Najua.”

“Nipake mie?”

“Lete.”

Alikiweka kichupa cha dokta chini, penye kivuli, kikiwa na maji yake tu, hakina kipande ndani. Akachovya kijiti. Akaanza na lengelenge la juu, halafu lililofuata, akizunguka taratibu asimuumize, mpaka alipofika pale alipoanzia. Mtoto alikuwa amekwisha kulala.