Makofi ya Mchimba Visima

Mimi sipendi watu wanaochelewa ukumbini, sipendi wanaomenya pipi pazia likishafunguliwa, na zaidi ya yote sipendi ile desturi yetu ya kumpigia nyota makofi mara tu anapotokeza pua. Mtu hajasema neno, hajafanya kazi yoyote, kaingia tu kama anayeingia jikoni kwake, na watu elfu moja wanapiga makofi mpaka igizo linasimama. Naye inabidi agande palepale na ndoo yake mkononi, akingoja wachoke. Broadway, kwenye kumbi zetu za maigizo za New York, ndivyo tulivyo. Nimekuwa mtu wa maonyesho ya Jumatano mchana tangu nilipostaafu ukarani wa mahakama kule Bronx, na kila mara wenzangu wakipiga hayo makofi mimi nimetulia, mikono mapajani, mdomo nimeubetua.

Sasa nikusimulie nilivyojivunjia heshima mwenyewe.

Mdogo wangu, Lemuel Pruitt, ni mwigizaji. Jina lake liko chini kabisa kwenye kijitabu cha onyesho, karibu na fundi wa nywele za bandia. Kwa miaka arobaini na minne amekuwa polisi wa kwanza, jirani wa pili, mzee mwenye gazeti. Safari hii alikuwa mchimba visima katika Ghala la Harlan, lile igizo la Harlan, mkulima wa Nebraska anayekataa kuihama ardhi iliyokauka, ambalo sisi sote tulilazimishwa kulisoma shuleni. Limerudishwa jukwaani kwa sababu moja tu. Thaddeus Boone, yule wa sinema za kuruka kutoka jengo hadi jengo, alitaka watu waone kwamba anaweza pia kusimama chini.

Jumapili baada ya kanisa Lem alikuja kwangu kula. Nilikuwa nimempikia kuku na maharage ya kijani, akala nusu, akaisukuma sahani.

“Dada, nimeandika barua ya kuacha kazi. Jumatano, baada ya onyesho la mchana, nampa meneja wa jukwaa. Naenda Atlanta kwa Corinne.”

Corinne ni bintiye. Nikamuuliza Atlanta anakwenda kufanya nini.

“Kukaa. Corinne ana baraza kubwa. Nina miaka sabini na mmoja, Dessa. Nikiingia hakuna anayejua nimeingia, nikitoka hakuna anayejua nimetoka. Nimechoka.”

Baba yetu alistaafu bandarini mwezi wa tatu, akakaa kwenye kiti chake dirishani, na mwezi wa kumi na moja tukamzika. Lem analijua hilo kama mimi. Na nisijifanye mwema, nilijifikiria mwenyewe pia. Lem akiondoka, hapa New York nabaki na nani? Nilitaka abaki, nilitaka hasa, na sikuwa na neno lolote la kumwambia ambalo sijawahi kumwambia.

Jumatano nikafika ukumbini na wenzangu wawili. Hollis Beaumont aliendesha treni ya chini ya ardhi miaka thelathini na moja, mpole, haongei ovyo. Trudy Feigenbaum alifundisha hesabu, na ulimi wake hauna breki. Hakuna kati yao aliyejua kwamba mchimba visima ni ndugu yangu. Sikuwaambia kwa makusudi. Mtu akijua ni ndugu yako anamsifia kwa adabu tu, na mimi nilitaka kusikia ukweli.

“Mimi nimemfuata Boone,” Trudy akasema pale mlangoni, “na sioni haya. Onyesho likiisha nakwenda mlango wa nyuma anitilie sahihi. Mjukuu wangu kaniagiza.”

“Mjukuu au wewe?” Hollis akamuuliza.

“Hebu nyamaza, dereva.”

Juu ya vichwa vyetu kulikuwa na bango kubwa la onyesho. Lilimwonyesha Boone kwa nyuma tu, kavaa kofia pana na koti refu, anaangalia shamba. Nililitazama lile bango, na papo hapo nikapata wazo baya. Lem alikuwa ameshanieleza anavyoingia. Yeye ndiye mtu wa kwanza kuonekana katika igizo zima. Ni alfajiri, taa ni hafifu, anaingia kawapa mgongo watazamaji, na amevaa kofia pana na koti refu.

Trudy alikata tiketi yake peke yake, kwa hiyo alikaa safu tatu mbele yetu. Mimi na Hollis tukakaa pembeni. Taa zikazimika, pazia likafunguka, upepo wa Nebraska ukavuma kwenye vipaza sauti. Mlango wa ghala ukalia, mtu mwenye kofia akaingia.

Nimekaa mahakamani vya kutosha kujua kwamba watu wengi wakiwa pamoja wanangoja mmoja aanze. Nikapiga makofi. Nikapiga kwa nguvu, kama kanisani.

Ukumbi mzima ukanifuata. Haki ya Mungu, ulikuwa mshindo, na watu wengine walisimama. Mdogo wangu akaganda palepale katikati ya jukwaa, mgongo kwetu, na nikaona mabega yake yakipanda polepole. Machozi yalinitoka. Nikajiambia, pokea Lem, haya ni yako.

Kisha akageuka, kwa sababu igizo linamtaka ageuke.

“Siye,” mwanamke nyuma yangu akasema. “Siye huyo. Ni mzee fulani tu.”

Makofi yakafa vipande vipande, wengine wakikaa, wengine wakiendelea kwa kutojua. Halafu kikaja kicheko. Hakikuwa kikubwa, walikuwa wanajicheka wenyewe zaidi, lakini mtu aliyesimama jukwaani hawezi kujua hilo. Lem akasema mstari wake wa kwanza, kwamba maji yamekwenda chini futi nyingine kumi, na sauti yake ilikuwa kavu. Boone alipoingia wakampigia na yeye, kwa aibu aibu, kama watu wanaolipa faini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na koti langu.

Hollis akaninong'oneza bila kugeuza kichwa. “Mbona ulianza wewe, ambaye hupigagi?”

“Nitakwambia.”

Wakati wa mapumziko nikajipanga kwenye foleni ya choo cha wanawake, ambayo kwa kawaida ndiyo mahakama ya rufaa ya Broadway. Usipotaka kusoma wahakiki, simama pale dakika kumi na tano.

“Boone anakunywa maji ya kisima kama anatangaza maji ya chupa,” akasema mama mmoja mwenye miwani nyekundu.

“Mimi ananigusa,” akasema mwingine. “Pale alipomfokea mkewe nilimkumbuka mume wangu wa kwanza.”

“Wa kwanza tu?”

Foleni ikacheka. Trudy akanikuta, akajipenyeza mbele yangu bila kuomba radhi.

“Mwenzangu, ni mpumbavu gani aliyeanza yale makofi? Umemwona yule mzee alivyosimama? Nilitaka kumfuata jukwaani nimfunike blanketi.”

“Sijui,” nikasema. Miaka yote ile nimewaapisha watu waseme kweli, na nikadanganya mbele ya mlango wa choo.

Niliporudi kwenye kiti nikamweleza Hollis yote, kuhusu Lem, barua, Atlanta na baba. Akasikiliza kama alivyo, kichwa kakiinamisha.

“Sehemu ya pili anaingia tena?”

“Mara moja. Anafukuzwa na Harlan, anarudisha kamba, anaondoka.”

“Basi safari hii, Odessa, kalia mikono yako.”

Nikaikalia kweli. Nikaipitisha chini ya mapaja, viganja chini, mpaka pete ikawa inaniuma.

Lem akaja kuelekea mwisho. Harlan wa Boone akamwambia atoke, hana haja na mchimba visima anayechimba mavumbi. Alikuwa na kamba ya Harlan mkononi, akaikunja haraka haraka, kiganja na kiwiko, kiganja na kiwiko, akaiweka juu ya pipa na kuanza kuondoka. Kisha akasimama. Akarudi. Akaichukua ile kamba, akaifungua yote chini, akaanza kuikunja upya, polepole, mzunguko juu ya mzunguko, na alipofika mwisho akapitisha ncha ndani akaibana. Akaiweka juu ya pipa, akaipapasa mara moja. Boone alisimama anamwangalia, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anajiangalia mwenyewe. Lem akavaa kofia yake, akatoka.

Makofi yalianzia juu, kwenye roshani, huko wanakokaa wanafunzi. Mtu mmoja, halafu safu, halafu yakatushukia sisi wa chini. Nilishindwa kuamini. Nikamtazama Hollis, naye hapigi, ananiangalia mimi kuhakikisha sijaichomoa mikono. Sikuichomoa. Nililia mikono ikiwa imekaliwa, makamasi yakanitoka nikashindwa kujifuta.

Baada ya onyesho tukaenda kwenye mgahawa wa Wagiriki Barabara ya Tisa, ambako Lem hula supu kati ya onyesho la mchana na la jioni. Trudy akatukuta huko, kanuna.

“Boone hakutokea mlango wa nyuma. Eti anapumzisha sauti. Nimesimama na kalamu kama mwizi.” Akaagiza keki ya jibini. “Hata hivyo, nimesimama pale nikajikuta sifikirii Boone. Nafikiria kamba. Kwa nini aliifungua? Ilikuwa imeshakunjwa. Nimefundisha hesabu miaka mingi, napenda kujua kwa nini mtu anarudia hesabu.”

Hollis akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu. Mlango ulikuwa umefunguliwa, Lem ameingia, rangi ya jukwaani bado imemganda shingoni. Alinijia moja kwa moja. Hakumsalimu mtu.

“Dessa, yale makofi ya kwanza ni yako.”

“Lem...”

“Usinidanganye. Makofi yako nayajua tangu tuko kwaya. Ile pete yako inagonga.” Hakupandisha sauti, ingekuwa afadhali angepandisha. “Miaka arobaini na minne sijawahi kupigiwa nikiingia. Leo nimepigiwa, na ni ya mtu mwingine. Nimesimama mbele ya watu wote kama niliyevaa suruali ya jirani. Ulitaka nini?”

“Nilitaka usiende,” nikasema. “Nimekosea, Lem. Nisamehe.”

Akavuta kiti, akakaa. Trudy alikuwa ameacha uma hewani.

“Na ya pili?” Lem akauliza. “Hayo nayo uliwanunua watu wapige?”

Hollis akakohoa. “Bwana Pruitt, naitwa Hollis. Nilikuwa kando yake. Ya pili alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili, mimi nikimchunga. Yalianzia roshani. Naweza kuapa, na huyu ndiye karani.”

Lem akamtazama Hollis, kisha mimi. Nikamwonyesha kidole, alama ya pete bado ilikuwa imeingia kwenye nyama. Akaushika mkono wangu akaupindua pindua.

Trudy hakuweza kujizuia zaidi. “Samahani, ugomvi wa ndugu mtaumaliza baadaye. Kamba. Kwa nini uliifungua?”

Lem akamgeukia. Sijui ni lini mara ya mwisho mtu asiyemjua alimuuliza swali kuhusu kazi yake.

“Kwa sababu niliikunja vibaya,” akasema. “Siku zote naikunja mara moja, naondoka. Leo nilikuwa na hasira, nikaikunja hovyo. Nikafika mlangoni nikaona, hapana. Huyu mzee amefukuzwa, sawa, lakini kamba hii kesho ataishika mtu mwingine.” Akaniangalia kwa pembe ya jicho. “Na wewe usidhani nakushukuru.”

“Sijafungua mdomo.”

“Ule mkunjo wa mwisho,” Trudy akasema, “uliupitisha juu au chini?”

“Baba yetu alikuwa mtu wa bandari, alikuwa anakunja hivi... Nipe kalamu.”

Trudy akampa ile kalamu ya Boone. Lem akatafuta karatasi, akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa bahasha nyeupe iliyogundishwa vizuri. Niliijua kabla haijafika mezani, ni ile barua yake ya kuacha kazi. Mbele ilikuwa na jina la meneja wa jukwaa. Akaigeuza, akachora kamba nyuma yake, mzunguko juu ya mzunguko, na mshale mdogo pale ncha inapopita ndani. Trudy aliinama mpaka pua ikakaribia keki.

“Chini,” akasema. “Nilijua. Haya, itie sahihi.”

“Niitie sahihi?”

“Nimesimama saa nzima kutafuta sahihi. Siondoki mikono mitupu. Mjukuu wangu atamjua Boone mwenyewe siku nyingine.”

Lem akacheka kidogo, akaandika jina lake chini ya mchoro, kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kuombwa. Trudy akaichukua bahasha, akaipuliza wino ukauke, akaiweka ndani ya kijitabu cha onyesho, na kijitabu ndani ya mkoba. Mkoba akaufunga zipu.

Nikamwangalia Lem. Alikuwa anautazama ule mkoba, na nikamwona ameshaelewa alichokitoa. Nikangoja aseme, samahani mama, hebu nirudishie. Supu yake ikaja. Akachukua kijiko.

“Dessa, nipitishie chumvi,” akasema. “Saa kumi na mbili na nusu natakiwa niwe ukumbini.”