Vipimo Vilivyonyamaza

Mfagiaji wa maabara aliona weupe kwanza. Ndani ya ndoo ya taka, vipimo vya kaswende vya wajawazito vilikuwa vyeupe pee, havina mstari hata mmoja.

Miaka mitatu ya kufagia chumba kile ilimtosha kujua. Tone la damu, matone mawili ya dawa, halafu kungoja. Mistari miwili, mama ana ugonjwa. Ule wa juu peke yake, hana. Usipotokea hata huo, kipimo kimekufa. Karatasi ya ukutani ilionyesha hivyo kwa picha.

Mpimaji alikuwa ameandika “hana” kwa wote.

Mfagiaji alijikaza, akamwonyesha kimoja.

“Ewe daktari wa ufagio,” mpimaji akacheka, “uliishia darasa la ngapi vile?”

“La tano.”

“Basi nikikwama kwenye kudeki nitakuita.”

Baadaye mpimaji alimfuata koridoni, kicheko kimemwisha. Akamweleza kwamba mkuu wa kituo aling'oa kiyoyozi cha stoo akakifunga ofisini kwake, maboksi ya vipimo yakaokwa na joto la bati miezi mizima. Mkuu alishaambiwa. Alijibu kwamba vipimo vingine havipo, na mama akirudi nyumbani bila jibu, wilayani watasema kituo hakifanyi kazi. Anayetaka kubisha aache kazi.

Wiki iliyofuata dada wa mfagiaji, mwenye mimba ya miezi mitano, alitoka maabara akijipepea kwa kadi.

“Niko safi, mdogo wangu. Shemeji yako alivyo kiguu na njia, nilikuwa roho juu.”

Mpimaji alikuwa mlangoni, anawatazama. Mfagiaji akacheka na dada yake, akarudi kudeki.

Mtoto alizaliwa mfu. Hospitali kubwa wakampima mama upya, wakakuta kaswende. Shemeji, ambaye hakuwahi kutoa hata kidole kipimwe, alimburuta mkewe hadi ofisini kwa mkuu wa kituo na kutaka aelezwe. Mfagiaji aliwakuta humo alipopeleka chai.

Mkuu aliigeuza kadi mara mbili, taratibu, kama mtu mwenye huruma.

“Sisi tulimpima, hakuwa nayo. Kama anayo sasa, ameitoa kwingine. Hayo ni ya nyumbani kwenu, bwana.”

“Umesikia?” shemeji akamwambia mkewe. “Umeniulia mtoto. Leo unarudi kwenu.”

Maziwa yalikuwa yamelowesha kanga ya dada kifuani. Alimgeukia mdogo wake.

“Waambie basi. Wewe unanijua.”

“Toka nje, binti,” mkuu akasema. “Kazi unaitaka?”

Mfagiaji akaweka sinia juu ya makaratasi ya mkuu.

“Hakuna aliyekupima, dada. Kipimo kilikuwa kibovu, bosi anajua, na mimi nilijua. Siku ile unanionyesha kadi, uliegemea kabati. Sindano za kukutibu zilikuwa humo ndani.”