Boma la Mahenge, Mezani kwa Shigela

Mwalimu Shigela wa Dutwa alikuwa na kipaji chake: angeweza kugeuza jambo lolote kuwa mchezo. Hesabu za darasa la sita alizifundisha kwa kete, jiografia kwa udongo wa kichuguu. Kwa hiyo Ngeleja, katibu wa tawi la chama, alipotaka kitu cha kuonyesha siku ya Saba Saba, hakuhangaika kutafuta. Alitaka mashujaa wa Maji Maji, na alitaka wananchi washiriki, wasisimame kupiga makofi tu kama tulivyozoea.

Shigela akachagua shambulio la boma la Mahenge. Juu ya meza alifinyanga vilima kwa udongo, akafudikiza kopo la mafuta likawa boma, akachomeka juu yake vijiti viwili: hizo ndizo bombomu za Wajerumani, zile bunduki za kumimina risasi. Wapiganaji walikuwa mbegu za pamba, maana Dutwa ikose vyote, haikosi hizo. Mchezaji mmoja alisogeza mbegu, mwingine akarusha dadu kwa niaba ya bombomu. Ikabaki sheria moja: mbegu iliyopigwa iende wapi?

Hapo ndipo alipoteleza, tena kwa jambo alilonyonya na maziwa ya mama. Msukuma akiwaza kete anawaza isolo, bao letu la mashimo, na kwenye isolo kete haifi. Inaliwa huku, inapandwa kule, mchezo unaendelea. Bila kufikiri mara mbili, Shigela akaamua kwamba mbegu iliyopigwa irudi nyuma ya kilima, ipandwe upya.

Saba Saba ile ilinoga. Vijana walipanga foleni kuliteka boma, na boma halikuwa na ubavu wa kukataa. Jeshi lisilopungua litashindwaje? Aliyeliteka mara nyingi kuliko wote alikuwa Masele, mtoto pekee wa Shigela, kijana wa mgambo mwenye mabega mapana na papara za kumwaga. Ngeleja alicheka mpaka machozi. Shigela naye alicheka, ingawa kama mtu mwenye mwiba wa samaki kooni. Alikuwa amesoma. Alijua kwamba kule Mahenge bombomu ziliwafyeka watu, na maji ya dawa waliyokunywa hayakumkinga hata mmoja. Akajiambia kwamba mchezo ni mchezo.

Kisha, mwezi wa kumi na moja, redio ikatangaza kwamba nduli amevuka mpaka na jeshi lake, ameingia Kagera. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na mashamba yakingoja, lakini Masele alirudi kutoka kwenye mgambo akasema amejitolea, na lori lingewachukua kesho yake kutoka Bariadi. Mama yake, Milembe, aliacha kusonga ugali. Shigela akamwuliza mwanawe kama haogopi.

"Niogope nini, baba? Mezani kwako sijawahi kushindwa."

Maneno yale yalimchoma.  Alikwenda shuleni, akaileta meza kwa mkokoteni, akaitua uani, akamwambia mwanawe wacheze mara moja tu, safari hii kwa sheria ya kweli.

Masele alianza kwa mbwembwe. Shigela alirusha dadu, na kila mbegu iliyopigwa akaitia kwenye bakuli. Walipofika katikati, kijana alinyoosha mkono kwenye bakuli kwa mazoea, achote apande upya. Baba yake akalifunika kwa kiganja.

"Hizi hazirudi, ng'wana wane."

Masele akatazama kilima. Kilikuwa udongo mtupu. Aliuliza, kwa upole uliomwumiza baba yake kuliko ukali, mbona siku ya Saba Saba zilirudi. Shigela akamjibu kwamba ile ilikuwa isolo, hii ndiyo vita. Alimwona akizihesabu kwa macho mbegu za bakulini, na moyoni akamshukuru Mungu kwamba hofu imewahi kabla ya lori.

Ndipo Masele aliponyanyuka, akazunguka meza, akakaa upande wa boma. Akavigusa vile vijiti viwili kwa kidole, kimoja kimoja.

"Nimeelewa, baba. Nitaomba wanipange kwenye bombomu."

 Shigela alitaka mwanawe aone kwamba watu hufa. Mwanawe ameona pa kukaa wengine wanapokufa. Na asingeweza kumlaumu, kwa sababu meza ilisema hivyo hivyo.

Milembe alikuwa mlangoni muda wote, mwiko mkononi. Alikuja, akaliinua bakuli, akalitikisa kidogo.

"Na hawa humu," aliuliza, "mama zao wameambiwa?"

 Asubuhi yake Shigela alimsindikiza mwanawe hadi Bariadi; Masele alipanda lori, akapunga mkono na kucheka kama siku ya Saba Saba. Shigela alirudi Dutwa kwa miguu, akamkuta mkewe shambani na lile bakuli, amechuchumaa, akifukia mbegu moja moja. Hakuinua uso. Shigela akachukua jembe, akaanza kumchimbia mashimo.