Kusafisha Chumba cha Odero

Mzee Harjit, mwenye ploti ya vyumba tulivyopanga pale Bondeni, hakuwahi kunipigia kelele. Alisimama tu mlangoni pangu akasema, "Jerop, ukipata nafasi, ile rumu ya Odero uisafishe." Kukataa sikuweza. Januari ile ya 2008, mji ulipochafuka baada ya uchaguzi na makabila yakawindana, alinificha katika stoo yake ya magunia, na mtu aliyekuficha humwambii hapana. Nikamjibu nikipata nafasi nitasafisha. Halafu nikahakikisha siipati.

Odero alikuwa jirani yangu, mlango kwa mlango. Yeye, mkewe na binti yao Awuor walikimbia kwa lori Januari hiyohiyo, akaniachia ufunguo. Baadaye alipiga simu akasema hawarudi tena Nakuru, vitu vyao nigawe. Sikugawa hata mwiko. Nilijaza siku zangu: asubuhi kufundisha kompyuta chuoni, mchana kutengeneza mashine za watu, Jumamosi masomo ya ziada ambayo hakuna aliyeniomba. Nilichoka hadi kope zikaniuma. Lakini aliyechoka hivyo hana nafasi, na hilo ndilo nililotaka.

Siku moja nilikuwa nikieleza jinsi kompyuta inavyogawa kumbukumbu. Tanveer, muuza simu aliyekuja chuoni kutafuta cheti na kunisumbua, akainua mkono.

"Madam, hii processor ikikosa kazi inafanya nini? Inalala tu?"

"Inafagia," nikamwambia. "Programu ikifungwa inaacha vitu vyake kwa memory. Huwezi kumpea mwingine hapo akute maneno ya mwenzake. Kwa hivyo mashine ikikaa bure inapita pole pole ikifuta, inaandika sufuri kila mahali. Programu mpya ikikuja inakuta pasafi."

"Na kama iko bize siku yote?"

"Basi uchafu unabaki. Mgeni akifika anangoja kwa mlango, panafutwa mbele yake."

Tanveer akaandika. Mimi nilibaki na chaki mkononi, nimekasirika, nisijue nimemkasirikia nani. Niliwapa zoezi nikakaa.

Niliporudi nyumbani, mgeni alikuwa amefika. Mama mwenye godoro lililokunjwa, watoto wawili na kuku mmoja, wamesimama nje ya mlango wa Odero kwenye manyunyu. Mzee Harjit alikuwa kando, hanitazami.

"Ametoka kambi ya wakimbizi," akasema. "Nilifikiri rumu iko tayari."

Nikafungua. Ndani kulinuka mafuta ya taa na unga uliovunda. Nikatoa sufuria, viatu, kitanda cha mtoto, nikaanza kusugua sakafu, na wao wakangoja. Mama aliitwa Rahab, alikuwa na shamba la viazi Elburgon kabla ya kufukuzwa. Akaniuliza jina langu. Nilipomwambia aliwavuta watoto karibu naye, maana jina hutaja kabila kabla ya mwenyewe kufungua mdomo, na waliomfukuza walikuwa na majina kama langu. Nikaendelea kusugua. Baada ya muda akaingia, akachukua kitambaa kingine, akaanza na dirisha.

Fremu ya mlango niliiacha mwisho. Ilikuwa na alama za kisu, moja kwa kila Desemba: kimo cha Awuor. Odero alikuwa akikata, mimi nikishika rula juu ya kichwa cha mtoto, naye akijiinua kwa vidole tukimcheka. Nikachukua msasa. Mkono ukagoma. Nililia palepale, mbele ya mgeni na kuku wake, kilio nilichokuwa nikikikimbia tangu Januari.

Rahab akasogea, akazigusa zile alama. "Ni za nani?"

"Msichana wa hapa. Walihama."

"Wachana nazo," akasema. "Za wangu zilibaki kwa mlango wetu Elburgon. Sijui nani anazipaka rangi saa hii."

Kompyuta isingeacha hata moja. Mimi niliurudisha msasa kwenye ndoo.

Rahab akamwita mwanawe mdogo, akamsimamisha kwenye fremu, akamnyoosha mgongo kwa kiganja. Kisha akanigeukia, na kwa mara ya kwanza akalitamka jina langu.

"Jerop, uko na kisu?"

Nikaenda kukileta.