Ukanda wa Nira

Barua ilikuwa na mistari mitano. Minne Fundi aliielewa. Wa tano ulikuwa na neno moja la Kiingereza lililomkwama kama mwiba wa samaki kooni: inchoate. Haki ya marehemu mkewe juu ya chumba ilikuwa inchoate, kwa hiyo chumba kikabidhiwe Ijumaa kabla ya saa sita mchana.

Mkewe alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja, mpaka kucha zikawa laini kama karatasi iliyolowa. Ndipo wakubwa wa hospitali wakatangaza kwamba wafuaji wa zamani wataandikishwa vyumba wanavyoishi, viwe mali yao. Wakubwa hawakosi la kutangaza.

Fundi aliipeleka barua mlango wa tatu, kwa Mkalimani, mzee aliyestaafu kazi ya kutafsiri mahakamani.

"Karibu, Fundi. Umeniletea viatu au maneno?"

"Maneno. Viatu ningeshona mwenyewe."

Mkalimani alifungua kamusi nene, ile ambayo Fundi mwenyewe aliivalisha jalada la ngozi. Akafuata mistari kwa kidole.

"Maana yake ni jambo lililoanzwa, halijakamilika."

"Sasa si wangesema halijaisha?"

"Wangesema hivyo ungewaelewa. Na ukiwaelewa utawauliza maswali. Nani anataka maswali?" Akasogeza miwani. "Ngoja, kuna asili yake. Limetoka kwenye Kilatini. Wenye kujua wanadhani lilianzia kwenye ukanda unaofunga mti wa plau kwenye nira. Ng'ombe ukishawafunga, kazi umeianza, ila shamba halijaguswa hata tuta moja."

Fundi aliitazama mikono yake. Kazi yake ya maisha ilikuwa ngozi, na katika ngozi, kanda za nira.

"Ina maana wamenifukuza kwa kazi ya mikono yangu?"

"Ndiyo hivyo, ndugu yangu. Pole."

Alhamisi asubuhi alichukua ukanda uliokuwa ukining'inia msumarini juu ya kitanda, akaenda nao ofisini. Alipigwa danadana madirisha matatu, kila dirisha likisema "la pili kule", hadi akafika kwa Mama Afisa.

"Shikamoo, mzee. Hii nini tena mezani kwangu?"

"Marahaba. Ukanda wa nira, mama. Kamusi inasema ndiyo asili ya lile neno lenu. Sawa. Ng'ombe wamefungwa nira, wamesimama juani miaka thelathini na moja. Wa kuwaswaga alikuwa nani? Mimi, au nyinyi mnaokaa chini ya feni?"

Karani wa pembeni aliguna kicheko, akakimeza. Mama Afisa hakucheka. Alifungua faili polepole.

"Mzee, mkeo alitia sahihi fomu ya chumba mwezi wa tatu. Alifariki Jumapili, mwezi wa saba. Fomu ukaileta kesho yake, Jumatatu. Miezi yote hiyo fomu ilikuwa wapi?"

Fundi alitazama ukanda. Mshono wa mwisho ulikuwa wazi, uzi unaning'inia. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake: mshono wa mwisho haukazwi mpaka mwenye ng'ombe aje, ukanda ujaribiwe shingoni mwa mnyama. Na kwenye fomu, sahihi ya mwisho ilitakiwa iwe ya mume. Fomu aliiweka ndani ya kopo la nyuzi, akamwambia mkewe, "Wakituita nitasaini mbele yao. Ndivyo kazi inavyofungwa."

"Baba, saini uipeleke," mkewe alisema, mara ya kwanza akicheka, mara ya mwisho akiwa amelala mgonjwa. "Ile karatasi haina shingo."

"Mlisema mtatuita," Fundi alimwambia Mama Afisa.

"Tuliita. Tangazo lilibandikwa ubaoni, hapo nje."

"Kwa lugha gani?"

Mama Afisa alifunga faili. "Chukua ukanda wako, mzee. Kesho, kabla ya saa sita."

Ijumaa alitoa kitanda, kopo, na khanga za mkewe zilizokunjwa pamoja. Wakubwa aliwalaani wote, kuanzia wa dirisha la kwanza, lakini laana ilimwishia mdomoni kila macho yalipoangukia lile kopo. Akaketi kizingitini na ukanda mapajani. Hakuna mwenye ng'ombe aliyekuwa akija. Akaushika uzi, akauvuta akaze mshono. Nta iliyopakwa uzi ilikuwa imekauka siku nyingi. Uzi ukakatika.

Msimamizi wa majengo alifika na daftari, akanyoosha mkono apewe ufunguo.

"Umemaliza, mzee?"

"Bado," Fundi alisema, akampa.